Tukibaki na Misiba na Michango Tu

Novemba 18, 2025, jaji James Boasberg wa mahakama ya serikali kuu mjini Washington alitoa hukumu iliyoipa ushindi kampuni ya Meta. Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, ilikuwa imeishtaki tangu Desemba 2020, ikidai kwamba iliinunua Instagram mwaka 2012 na WhatsApp mwaka 2014 ili kuua ushindani na kulihodhi soko la watu kuwasiliana na ndugu na marafiki. Jaji aliona soko hilo limebadilika mno kiasi kwamba dai halisimami tena, na miongoni mwa mambo aliyoyaegemea kulikuwa na tarakimu mbili. Katika muda ambao watu huutumia Facebook, ni asilimia 17 tu unaokwenda kwenye mambo yaliyowekwa na marafiki zao. Instagram ni asilimia 7. Sehemu kubwa ya muda inaliwa na video, nyingi zikiwa za watu ambao mtazamaji hajawahi kukutana nao. Wanasheria walibaki na mjadala wao wa ukiritimba. Wengine wetu tulizikamata zile tarakimu na kuzisoma kama cheti cha kifo: watu wamechoka kuambiana habari zao ndogo, nani amesafiri, nani amepika nini, mtoto wa nani ameota jino. Na baadhi ya waliozisoma hivyo walifurahi, wakisema hatimaye tumekua.

Nadhani zimesomwa vibaya. Tarakimu hizo zinapima ukuta wa Facebook ulivyo leo, na ukuta huo hupangwa na kampuni. Marafiki hawana kauli juu yake. Hamu ya kujua mwenzako ameshindaje ipo palepale, ila imehamia kwenye magrupu ya watu kumi na wanne, kwenye voisi za usiku na kwenye simu za Jumapili jioni. Wasiwasi wangu uko kwingine. Huko zilikohamia, habari ndogo zinabanwa, na kwetu Afrika Mashariki zinabanwa na mambo makubwa: misiba, michango, siasa na jumbe za kusambazwa. Tumefika mahali ambapo watu waliosoma pamoja miaka sita wanajua tarehe ya arobaini ya mama wa mwenzao lakini hawajui mwenzao huyo siku hizi anaishi mtaa gani. Ninachodai ni kwamba habari ndogo ndizo zinazoubeba urafiki, hata michango na misiba yenyewe inasimama juu ya mgongo wake. Marafiki wakiacha kuambiana madogo, makubwa yanapofika huwakuta wamekuwa watu baki.

Msimu wenyewe ndio huu. Kuanzia Juni hadi Agosti, ulimwengu wa Waswahili hugawanyika kwa hali ya hewa. Ulaya na Amerika ya Kaskazini ni kiangazi, shule zimefungwa, watu wanatembeleana. Maskati joto linapita nyuzi 40, na wenye uwezo wanakimbilia Salalah, kusini mwa Oman, kwenye manyunyu ya khareefu, yaani msimu wa mvua wa huko, au wanapanda ndege kuja Unguja. Kwetu ni kipupwe: kusi inavuma pwani, Lushoto na Njombe watu wanalala na mablanketi mawili, wanafunzi wa Tanzania wako likizo ya Juni na wa Kenya wanaisubiri ya Agosti. Makunduchi, Unguja, wanajiandaa kwa Mwaka Kogwa, sherehe yao ya mwaka mpya ya Julai. Hakuna wakati mwingine wa mwaka ambapo watu wengi kiasi hiki wanaozungumza lugha moja wanakuwa barabarani kwa wakati mmoja, kila mmoja akiwa na kitu cha kusimulia. Ndiyo maana huu ndio wakati mzuri wa kupima kama bado tunasimuliana.

Tuanze na chombo chenyewe. WhatsApp ilipoundwa mwaka 2009 na Jan Koum na Brian Acton, wazo la kwanza halikuwa kutumiana ujumbe. Ilikuwa programu ya kuweka maneno mafupi kando ya jina lako, ili anayetaka kukupigia ajue uko kazini, uko safarini au simu inakaribia kuzima. Hata jina lake linachezea namna Waingereza wanavyoulizana habari, "What's up?" Yaani kitu tunachokitumia leo kukusanya ahadi za harusi kilizaliwa kama salamu. Facebook nayo ilianza kama mahali pa kuwachungulia wenzako wa chuo. Baadaye iligundua kwamba video ya mgeni anayecheza huwashika watu muda mrefu kuliko picha ya binamu yao stendi ya mabasi, na tangazo huuzwa kwa muda. Tangu hapo ukuta ukajazwa wageni. Kwa hiyo ukisema watu hawataki tena habari za marafiki kwa sababu hawazitazami Facebook, ni sawa na kusema watu hawataki tena ndizi kwa sababu mwenye genge ameacha kuzipanga mbele.

Kwetu jambo hili lina mizizi mirefu kuliko kampuni yoyote, na mizizi hiyo iko katika lugha. Neno letu la kusalimiana ni habari yenyewe. Tunaulizana habari za asubuhi, za tangu juzi, za safari, za nyumbani, za watoto, za kazi, za shamba. Na mtu wa heshima hafupishi. Anayejifunza Kiswahili hushangaa kwamba jibu la kwanza lazima liwe zuri. Nzuri, njema, salama, muzuri kama wasemavyo Lubumbashi, hata kama nyumba imeezuliwa na upepo jana. Lakini asiyekulia humu hukosa kulisikia neno linalofuata. Nzuri, ila mtoto hakulala. Salama, ila mvua imetuangusha mwaka huu. Njema, ila yule fundi bado hajarudi. Hiyo "ila" ndiyo mlango. Salamu zote zilizotangulia zilikuwa njia ya kuufikia, na anayeuliza kwa haraka akapita haambiwi kilicho nyuma yake.

Mwaka 1923 mwanaanthropolojia Bronisław Malinowski aliandika kwamba kuna mazungumzo ambayo watu huyafanya kwa ajili ya kufungamana tu, maneno yenyewe yakiwa hayana uzito mkubwa wa maana. Alikuwa sahihi nusu. Kufungamana kupo, na bila kufungamana hakuna jamii. Lakini kwa Kiswahili maneno hayo si matupu, maana salamu yetu ina mahali maalumu palipoachwa wazi pa kutia jambo. Bibi akikuuliza "na kuku je?" anataka kujua juu ya kuku. Kutokana na kuku atajua kama umepata muda wa kukaa nyumbani, kama mwizi amepita, kama mke wako bado ana nguvu za kuwafuga. Robin Dunbar wa Uingereza, aliyechunguza mazungumzo ya kawaida ya watu katika miaka ya 1990, alikuta kwamba takriban theluthi mbili ya muda wa kuongea huenda kwenye habari za watu: nani kafanya nini, nani yuko na nani, mimi nimepatwa na nini. Wengi waliona ni ajabu kwamba viumbe wenye akili wanatumia muda wao hivyo. Mtu aliyewahi kukaa kibarazani Lamu baada ya alasiri haoni ajabu yoyote.

Kwa mamia ya miaka habari hizo zilifuata upepo. Kaskazi ilileta majahazi ya Uarabuni na kusi iliyarudisha, na barua na salamu za mdomo zilisafiri pamoja na tende na boriti. Shaaban Robert aliandikiana na ndugu yake Yusuf Ulenge tangu 1931 hadi 1958, na barua hizo zilithaminiwa kiasi cha kukusanywa na kuchapwa kitabu. Hakuna anayeuliza kwa nini mshairi mkubwa alipoteza muda kumwandikia ndugu. Kisha ikaja redio. Wenye umri wangu wanakumbuka kadi za salamu: unainunua dukani, unajaza majina ya marafiki, unaituma kituoni, na siku moja mtangazaji anayasoma majina yenu hewani. Ndani ya kadi hamkuwa na jambo kubwa, ni kusema mimi mzima, nakukumbuka, na huyu naye msalimie. Kenya na Tanzania watu waliunda hata vyama vya wapenzi wa salamu, wakajulikana nchi nzima kwa majina ya utani bila kuonana sura. Nchi nzima ilisikiliza, na hakuna aliyeona ni upuuzi.

Sasa angalia grupu la kawaida la leo. Asubuhi kuna picha ya ua na maneno ya baraka, imesambazwa na mtu ambaye hata yeye hakuisoma. Saa nne kuna onyo la dawa bandia, nalo limesambazwa. Mchana ni siasa au mpira. Jioni inaingia kadi ya mchango, na chini yake orodha ya majina: aliyetoa, aliyeahidi, aliyebakiza. Kila atakayetuma pesa anainakili orodha nzima upya na kuongeza jina lake, mpaka simu inajaa orodha. Siipingi michango. Nimezikiwa ndugu kwa michango ya watu na nimeozeshwa kwa michango ya watu. Lakini nimefungua magrupu yangu na kuyapitia ya miezi mitatu nyuma, na katika mawili kati ya manne sikukuta hata sentensi moja ya mtu kusema ameshindaje. Nilikuta ahadi, pole na hongera. Mtu anatokea akifiwa, akioa au akijifungua. Katikati ya matukio hayo matatu, miaka inapita.

Hali hii haikutokana na roho mbaya. Sehemu yake imetokana na jambo jema. Kabla ya M-Pesa, iliyoanza Kenya mwaka 2007, pesa ilisafiri na mtu. Ulimpa konda, dereva wa lori, au kijana wa jirani anayekwenda nyumbani, na mtu hasafiri bila habari. Alifika, akakabidhi bahasha, akakaribishwa chai, akaulizwa: umemwachaje? Amenenepa? Bado anakaa na yule mpemba? Pesa na habari zilikuwa mzigo mmoja. Simu ilizitenganisha. Leo shilingi elfu hamsini zinafika Kigoma kutoka Dar es Salaam kwa sekunde chache na haziji na neno lolote isipokuwa namba ya muamala. Faida yake ni kubwa na hakuna atakayetaka kurudi nyuma. Lakini kile kikombe cha chai kilikuwa kinafanya kazi, na kilipoondoka hakikupata mrithi. Tulidhani tumerahisisha kusaidiana. Tukasahau kwamba aliyekuwa akisaidiwa alikuwa pia akijulikana.

Wanaoutetea ukimya huu wana hoja, na ya kwanza inavaa methali: akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Wanasema urafiki hupimwa siku ya shida. Mengine ni kelele, na rafiki wa kweli mnaweza kukaa miaka mitatu kimya na siku ukimwita anakuja. Naiheshimu methali, lakini hoja hii ndiyo dhaifu kuliko zote ninazozijua, kwa sababu inadhani dhiki hubisha hodi na kujitaja jina. Mwaka juzi rafiki yetu mmoja aliandika kwenye grupu kwamba siku hizi anatembea kwa miguu kwenda mjini, mazoezi, kwa kuwa mwili umekuwa mzito. Wengi walimpigia makofi ya emoji. Mmoja wetu, ambaye huongea naye kila wiki mambo ya mboga na watoto, alijua kwamba yule hajawahi kupenda mazoezi maisha yake yote. Akampigia. Gari lilikuwa limeuzwa, kazi ilikuwa imekwisha tangu miezi mitano, na nyumbani aliyekuwa amejua ni mama peke yake. Ni habari ndogo iliyoibeba dhiki ile, na ni aliyezoea habari ndogo za yule aliyeweza kuisoma. Sisi wengine tulikuwa tayari kufaa kwa dhiki. Hatukuwa na namna ya kuiona.

Kuna utafiti unaolitazama jambo hili kwa upande mwingine. Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas alikadiria mwaka 2018 kwamba watu huhitaji takriban saa 50 pamoja ili kutoka kufahamiana hadi urafiki wa juujuu, na zaidi ya saa 200 ili wawe marafiki wa karibu. Hakuna jambo kubwa linalochukua saa 200. Harusi ni siku moja, mazishi ni siku moja. Saa hizo zinajazwa na porojo za kwenye daladala, za kusubiri wali uive, za kulalamikia joto. Na anayedhani ujumbe wake mdogo utamsumbua mwenzake anajidanganya kwa namna iliyokwisha kupimwa: mwaka 2022 Peggy Liu wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh na wenzake walionyesha kwamba watu hukadiria chini mno furaha ya mwenzao anapotafutwa bila sababu, na kadiri ujumbe unavyokuwa haukutegemewa ndivyo unavyothaminiwa zaidi. Wengi tunanyamaza kwa adabu, na anayengoja anausoma ukimya wetu kama dharau.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, nayo ni husuda. Mzazi wa pwani hafurahii mtoto wake kupigwa picha kila hatua, na si ushirikina peke yake unaomfanya hivyo. Ameona watu waliotangaza safari wakavunjiwa nyumba, na waliotangaza mimba mapema wakaulizwa maswali ya kuumiza ilipoharibika. Sayansi inamuunga mkono kwa sehemu: watafiti wa Leuven na Michigan walionyesha mwaka 2015 kwamba kupitia maisha ya wenzako Facebook kimyakimya, bila kusema nao neno, hupunguza furaha ya mtazamaji, na wivu ndio unaofanya kazi hiyo. Nakubali yote. Lakini tazama ni kitu gani kinacholaumiwa hapo. Kinacholaumiwa ni kutangaza mbele ya watu mia nane ambao nusu yao hawakuulizi habari. Yule mzazi anayeficha picha ya mjukuu mtandaoni ndiye huyohuyo anayempigia dada yake Tanga kila jioni kumweleza mjukuu amekula nini. Hana ugomvi na habari ndogo, anachagua masikio. Stetasi inayotazamwa na fundi wa friji, mwenye nyumba wako na mpenzi wako wa zamani haiwezi kufanya kazi ya masikio yaliyochaguliwa, na tusiivunje sahani kwa sababu tuliipakulia mahali pasipofaa.

Hoja ya tatu inaniumiza, kwa sababu ni ya kweli kuliko zote. Wenzetu walioko ughaibuni wanasema: nikituma picha nikiwa na watoto kando ya ziwa, kesho yake nitapokea maombi manne ya pesa. Picha ya bustani ya Stockholm inasomwa Temeke kama taarifa ya benki. Basi wananyamaza. Na huku nyumbani nako tunanyamaza kwa sababu inayofanana: tukisema tumekwenda Dodoma kwa treni ya umeme kutembea tu, aliyeko ughaibuni atauliza kwa nini basi anatumiwa bili ya paa. Kila upande unauficha unafuu wake. Siwezi kumwambia anayefanya kazi zamu mbili Minneapolis kwamba kuogopa kwake ni kosa. Ninachoweza kusema ni kwamba picha moja kwa mwaka ndiyo inayodanganya. Mtu asiyejulikana maisha yake, akituma picha ya ziwa, ziwa ndilo linakuwa maisha yake yote. Angekuwa ametuma pia ile ya kituo cha basi saa kumi na moja alfajiri theluji ikiwa magotini, na ile sauti ya uchovu ya Jumatano, na habari ya bosi anayekata dakika za mapumziko, ziwa lingeeleweka kuwa ni Jumapili moja. Wanaoombwa sana ni wale ambao maisha yao yanaonekana kwa vipande vya sikukuu. Habari za kila wiki zina tabia ya kusema ukweli, hata msemaji asipokusudia.

Wapo pia wanaosema hawana muda, na hilo sitalikalia. Anayepata muda wa kutazama video arobaini za wageni kabla ya kulala anao muda wa sentensi mbili.

Inafaa pia tukumbuke kwamba watawala wamewahi kuyapima mazungumzo yetu madogo na kuyaona hayana thamani. Machi 2018 Rais Yoweri Museveni wa Uganda alimwandikia waziri wake wa fedha akitaka mitandao itozwe kodi, akiyaita yanayoongelewa humo lugambo, yaani umbea. Julai 1 mwaka huo kila aliyetaka kutumia WhatsApp, Facebook au Twitter alianza kulipa shilingi 200 za Uganda kwa siku. Kodi ile iliondolewa mwaka 2021, ikaja nyingine ya asilimia 12 juu ya bando lenyewe. Kwa mwenye mshahara, shilingi 200 si kitu. Kwa mama wa sokoni aliyekuwa akimtumia binti yake aliyeko Dubai neno moja kila usiku, ilikuwa kama kuwekewa ushuru kwenye kusema "nimelala salama". Na Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilipokatwa Tanzania kwa siku kadhaa, tuliona kinyume chake. Watu wa Maskati, London na Nairobi hawakuwa wakililia uchambuzi. Walikuwa wakitafuta mtu yeyote mwenye laini inayopokea ili wasikie kwamba fulani ameamka, watoto wako ndani, wamekula. Siku zile, habari ndogo ndiyo ilikuwa habari pekee iliyotafutwa. Mtandao uliporudi, sauti ya kwanza niliyoipata kutoka kwa shangazi ilieleza kwamba unga ulikuwa umebaki wa siku moja na kwamba paka amezaa. Niliisikiliza mara tatu.

Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti Juni 30, 2025 likisema mtu mmoja kati ya sita duniani anaathiriwa na upweke, na kwamba upweke unahusishwa na vifo takriban 871,000 kwa mwaka. Tume iliyoiandaa iliongozwa na Vivek Murthy wa Marekani pamoja na Chido Mpemba, aliyekuwa mjumbe wa vijana wa Umoja wa Afrika, na nadhani kuwapo kwa Mwafrika kwenye meza ile kuna maana. Tumezoea kudhani upweke ni ugonjwa wa wazee wa Ulaya walio peke yao na paka. Lakini mtu anaweza kuwa kwenye magrupu kumi na mawili, akachangia harusi saba kwa mwaka, akahudhuria kila matanga, na asiwepo hata mmoja anayejua kwamba ameacha kunywa chai ya jioni kwa sababu haina ladha tangu mwenzake ahame. Upweke wa kwetu unakaa katikati ya watu wengi, na hujificha nyuma ya neno "nzuri" lisilopata mtu wa kungoja "ila".

Kuna kundi moja ambalo litaumia kwa ukimya huu kuliko sisi, na halimo kwenye mabishano yetu. Ni watoto wanaokulia nje. Kiswahili chao hakitoki shuleni. Kinatoka kwenye simu ya mama ikiwa imewekwa sauti kubwa jikoni. Kama kinachopita kwenye simu ile ni voisi za bibi kuhusu kuku, mvua, jirani aliyejenga ukuta na embe zilizoanguka kabla ya kuiva, mtoto atajua kuku, mvua, ukuta na embe. Kama ni misiba na pesa tu, atajua lugha ya wazazi wake kama lugha inayowafanya watu wazima walie au wanyamaze, na ataiepuka, na hatakuwa na kosa. Nimeona wote wawili. Wa pili anaelewa neno "ametutoka" lakini hajui "mfereji". Wa kwanza ni binti wa rafiki yangu, ana miaka saba, yuko Columbus, Ohio, na Julai iliyopita alikuwa kiti cha nyuma cha gari baba yake alipofungua voisi kutoka Makunduchi. Bibi alikuwa akisimulia Mwaka Kogwa: wanaume walivyopigana kwa migomba, wanawake walivyovaa na kuimba, mjomba aliyechaniwa shati jipya, na kibanda cha makuti kilivyowashwa moto. Mtoto akaomba simu, akabonyeza alama ya maikrofoni mwenyewe, akauliza kwa Kiswahili chake cha kukwaruza: "Bibi, kwa nini wanakichoma?"

Bibi alijibu usiku huohuo, dakika sita na nusu, na katikati yake anasikika akimfukuza mbuzi.